Mbao za Simiti

Jumamosi jioni

Eti nimepaka simiti poda, anasema Kiprono! Ni mume wangu na nampenda, lakini mambo ya sakafu hajui. Siku nne nimepiga magoti sebuleni nikivuta mistari ya mbao kwenye rangi kwa brashi na kitana kikuukuu, simiti ifanane na mbao. Imetoka vizuri, hata akicheka. Naogopa tu vanishi ya pale mlangoni, mvua ikizidi...

Leo baba yake amekuja kutoka Ainabkoi. Mzee amekuwa seremala maisha yake yote. Alifika mlangoni na gambuti zake, akainama, akagonga sakafu kwa kidole.

"Mama Chebet, huu ni mti gani?"

"Ni simiti, Mzee. Ni rangi tu."

Akagonga tena. Akaangalia gambuti zake, akazivua, akaziacha nje, akaingia na soksi.