Mwenye Jiwe Kifuani

Roma,
Mtaa wa wachoma chokaa,
9 Novemba 1641.

Mpendwa dada Menga,

Nakusalimu kwa jina la Bikira. Mama anaendeleaje na kifua chake? Shemeji Zanetto na watoto hawajambo? Theluji imeshafika huko? Mimi mzima, ila mgongo unaniuma kwa kubeba chokaa, na siku hizi situlii. Sababu yenyewe ni hii.

Ile picha ya Mtakatifu Stefano ambayo kanisa letu limeagiza huku inachorwa jirani na tunapojenga. Mchoraji, Bwana Ercole, alitafuta mtu wa kumwigizia mmoja wa wale waliomuua mtakatifu kwa mawe, akanichagua kwa ajili ya mabega yangu. Nilikubali kabla ya kujua picha inakwenda wapi.

Sasa wenzangu hawaniiti Bortolo. "We muuaji, lete ndoo," ndiyo salamu yao. Hilo nalivumilia. Kinachoninyima raha ni kina mama wa kwetu. Unajua wanavyowafanya wauaji wa kwenye picha: huwatoboa macho kwa pini ya nywele. Yule askari wa picha ya zamani, Mama ndiye aliyeanza kumchokoa. Je, akinikuta mimi pale ukutani?

Nilimwomba Bwana Ercole anibadilishe sura. Hakutaka hata kusikia. Akanipa jiwe, akasema niinue mkono. Karatasini, kwa chaki nyekundu, mtakatifu alikuwa ameshapiga magoti, viganja wazi, maana yake amewasamehe, na malaika anamteremshia taji. Mimi nilikuwa nimebeba chokaa tangu alfajiri. Mkono ukachoka, ukashuka wenyewe mpaka kifuani, jiwe bado limo kiganjani. Nikataka kuuinua tena.

"Uache hapo hapo," akasema. "Mtu akijipiga kifua kwa jiwe anafanya nini?"

"Anatubu, bwana."

"Basi tulia."

Akanichora hivyo. Lakini chaki hufutika, dada, na rangi bado haijapakwa. Kila nikipita dirishani kwake nachungulia, sioni kitu.

Picha itafika kabla ya sikukuu ya mtakatifu. Tafadhali uwe wa kwanza kuingia kanisani. Wengine wote wameinua mikono. Mtafute mwenye jiwe kifuani. Ukiukuta mkono wangu uko juu, mfichie Mama pini zake.

Nisalimie shemeji na shangazi Orsola. Salamu za Mama zishike kwanza. Umpe mkiwa mbele ya picha, akishaniona.

Mungu awalinde nyinyi na ng'ombe wenu.

Nduguyo akupendaye hata huku mbali,
Bortolo