Damu Niliyoiita Tambuu

Mtani wangu Mhina,

Jana tumevunja matanga yako. Leo nimerudi chumba cha brashi kusugua nyuzi, na vumbi la katani ni lile lile ulilomwomba meneja atuondolee. Mkutano ule unanitafuna, bwana.

Ulijipanga vizuri. Hukufoka. Ulianza kwa kuwakumbusha watu wewe ni nani na umepiga brashi tangu lini, nao wakaitikia, maana hakuna aliyewahi kukusikia ukisema uongo. Kisha ukasema, "Msinisadiki mimi, sadikini hiki," ukakunjua kitambaa chenye damu uliyokohoa asubuhi ile. Meneja mwenyewe akainama kutazama.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu usiojua kupumzika, nikapaza sauti kutoka nyuma: "Mzigua mwongo huyo! Mate ya tambuu hayo!"

Wakacheka. Mnyamwezi kumtania Mzigua, nani atamkataza? Hata wewe ulicheka, kicheko kikakuletea kikohozi, wao wakadhani unaigiza, wakazidi. Meneja akamuuliza karani kuna nini, akafasiriwa, akatabasamu, akafunga mkutano. Jioni ukaniambia tu, "Mtani, leo umenipata." Afadhali ungenizaba kofi.

Siku ya maziko walinisukuma mbele nikuigize, kama ilivyo ada ya mtani. Nikasema moyoni, leo nitasema kweli. Nikawaambia ile ilikuwa damu, na nilipoiita tambuu sikuwa na hakika ya lolote, nilitaka kuchekesha tu. Nikalia mbele yao. Wakacheka, Mhina. Wakashika mbavu, wakasema leo Mnyamwezi kapatia. Nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kucheka. Mkeo Mwanaidi peke yake ndiye aliyeniangalia bila kucheka, na sikuweza kumtazama.

Jumamosi kuna mkutano mwingine. Atasimama Mwanaidi mahali pako, na wote wanaokohoa watasimama pamoja naye ili meneja awasikie kwa masikio yake. Nilimwendea nikamuuliza nimsaidie nini. Akanijibu kwa upole, "Shemeji, usije."

Nakuahidi sitatia mguu pale. Pumzika, mtani wangu, Mungu akupe huko pumzi uliyonyimwa hapa. Unisamehe ukiweza.

Kifua changu nacho kimeanza, tangu wiki ile uliyolala kitandani. Sijamwambia mtu. Nani atanisadiki?

Mtani wako,
Kasanda