Kopo la Chumvi ya Dina

Jumatatu, 1 Juni 2009

Dina ameacha vidonge leo. Wiki nne bila vidonge vya tezi, wiki tatu bila madini joto, halafu tarehe 30 anapewa dawa ya mionzi Dar. Nimeizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Binti yetu Getruda akauliza kama ni sikukuu. Nikamwambia ndiyo, sikukuu ya mama yako.

Waliompasua Mbeya mwezi wa pili walitoa tezi nzima ya shingo. Saratani. Nimeliandika neno, sijaungua. Vimebaki vipande visivyoonekana kwa macho, na doa moja kwenye pafu la kulia. Hiyo dawa ya Dar ndiyo ya kuvitafuta. Ni madini joto yaleyale ya kwenye chumvi, ila yamebebeshwa mionzi. Seli za tezi huyapenda popote zilipo. Ukizinyima zinashikwa na njaa, ukizipa zinabugia, na mionzi inazimaliza humohumo. Ukizishibisha kabla — dawa inapita tu, inatoka na mkojo.

Mimi tabibu wa zahanati, huku Isansa wananiita daktari. Miaka kumi na mitatu nawaambia watu wasile chumvi isiyo na madini joto, wataota rovu shingoni. Leo nimefika nyumbani nikasema kinyume. Nimecheka peke yangu. Kicheko kibaya.

Alhamisi, 4 Juni

Duka la kwanza, la pili, mpaka la saba. Kila pakiti ina alama ya madini joto. Kazi yangu hiyo, nzuri kabisa!

Maziwa, mayai, dagaa, vyote marufuku. Amebaki na ugali, viazi na maharage, na vyote havina chumvi. Leo amesukuma sahani. Anavaa sweta mbili, tena juani. Asipokula hafiki Dar.

Inabaki chumvi ya Ivuna. Ile ya kuchemshwa bondeni Momba, ya kijivu, isiyotiwa madini joto. Niliipiga vita miaka yote. Wazo hili linanisumbua tangu asubuhi kama jino bovu.

Jumamosi, 6 Juni

Tunduma. Sokoni Mzambia mmoja aliomba mucele, muuza mchele akamwinulia kopo la mchele. Kumbe kwao mucele ni chumvi. Wakacheka. Mwanamke wa meza ya pili akamwita Mzambia aje kwake, na mimi sauti ile nikaijua.

Mwamvua. Mwaka 1996 nilimwaga gunia lake la chumvi ya Ivuna pale soko la Isansa, mbele ya mtendaji na watu wote. Nililimwaga kwenye matope. Alikuwa na mtoto mgongoni. Niliona nimefanya kazi.

Nikamsalimu. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Daktari. Leo umekuja kuokota?"

Nikamweleza yote, Dina, shingo, Dar. Sijui kwa nini nilimweleza yote. Akainama chini ya meza, ndiko anakoweka ile chumvi ya Ivuna ya kuwauzia wenye ng'ombe. Akapima kisado kimoja, akafunga kwenye kitambaa chake mwenyewe. Akasema nimwambie mgonjwa kwamba ina uchungu kidogo, atazoea. Nilitamani anitukane.

Nyuma ya stendi nilitoa kichupa cha kupimia, kile tunachokwenda nacho shuleni. Tone moja. Chumvi yenye madini joto hugeuka bluu. Hii imebaki kijivu vilevile. Nimesimama pale mtu mzima, machozi yananilenga kwa sababu ya chumvi chafu.

Jumapili, 7 Juni

Mama yangu amekuja jana kutoka Ileje kumsaidia Dina. Bibi Enesi, mwenye rovu la kama ngumi. Ndiye aliyekuwa kielelezo changu. Nilimsimamisha mbele ya wanafunzi miaka ile, nikaonyesha shingo yake kwa fimbo. Hakuona haya. Aliona fahari, mwanawe anafundisha. Nikidondosha tone na chumvi ikigeuka bluu, yeye ndiye aliyeongoza makofi. Makofi matatu.

Nimemwonyesha kopo lenye mfuniko mwekundu. Hii ndiyo chumvi ya Dina, nyingine asiguse. Akaitazama ile rangi.

"Mwanangu, hii si ile uliyokuwa unaimwaga?"

Nikamwambia ndiyo, ila dawa ya Dar nayo ni madini joto, makali sana, ndiyo maana. Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena. Nami nilikuwa na haraka, mama mjamzito ananisubiri zahanati.

Jumatano, 10 Juni

Dina anakula kidogo, anakunja uso. Anasema uji una ladha ya jivu. Mama anamwangalia anavyomeza kwa shida na midomo yake mwenyewe inakunjamana. Mkwe huyu anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Ni kweli, na sina kinyongo.

Jumatatu, 15 Juni

Dina amemaliza bakuli! Na jana pia. Anasema amezoea, ladha haimsumbui tena. Mama alisimama mlangoni anatabasamu.

Leo mboga nimeunga mimi mwenyewe, nimetia chumvi kutoka kopo jekundu kwa mkono wangu. Imekuwa nyeupe nyeupe. Mama atakuwa ameitwanga na kuipepeta, yeye haachi kitu kichafu jikoni. Ng'ombe naye ana raha zake, tangu asubuhi analamba kihori mpaka mbao zinang'aa.

Siku kumi na tano zimebaki. Nina matumaini, naomba nisiadhibiwe kwa kuyaandika.

Ijumaa, 19 Juni

Sauti ya Dina imekuwa nzito, ya kiume. Uso umejaa. Anaanza sentensi anaisahau katikati. Ni kukosa vidonge, ilitarajiwa, najua kila hatua. Kujua hakunisaidii kitu. Mchana amekaa na Getruda, wanahesabu siku ambazo hatamkumbatia akirudi, kwa ajili ya mionzi. Getruda atakwenda kwa shangazi Ihanda. Dina akamwambia, "Zikiisha, nitakukumbatia za mbele na za nyuma." Nikatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe asiyehitaji kuangaliwa.

Jumatano, 24 Juni

Ndani ya treni. Mama alitusindikiza mpaka stesheni Vwawa. Ametufungia viazi vya kuchemsha, na chumvi ya Dina kwenye karatasi. Alimshika Dina shingo, pale penye kovu, akaomba kwa Kindali, lugha ya kwao Ileje. Dina amelala. Miguu yake baridi nimeiweka mapajani mwangu.

Ijumaa, 26 Juni

Hospitali. Daktari wetu ni mwanamke, Dk. Lusubilo, kumbe na yeye wa Ileje. Dina alipomjibu "ndaga", asante ya kwetu, daktari alicheka kwa sauti. Amefundisha mambo ya mionzi nje, amerudi. Anaongea taratibu. Amempa kidonge kidogo cha kupimia. Jumatatu mashine itaangalia kama shingo imekibugia. Dozi kubwa imeshaagizwa kwa jina la Dina, inakuja kwa ndege. Haihifadhiki. Kila siku inapungua, siku ya nane imebaki nusu.

Aliniuliza habari za chakula. Nikajibu kama mwanafunzi bora. Nikamweleza chumvi ya Ivuna, hata na lile tone. Akaandika. Akasema laiti wagonjwa wote wangekuwa na mume kama mimi.

Jumatatu, 29 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Dina alilala chini ya mashine nusu saa. Wanafunzi watano wa udaktari walisimama nyuma ya kioo na Dk. Lusubilo, mimi pembeni. Kwenye skrini palitakiwa kuwa na mwanga shingoni. Hapakuwa na kitu. Weusi. Kibofu tu kilikuwa kinawaka.

Akawauliza wanafunzi, kwa nini? Mmoja akasema labda upasuaji ulitoa kila kitu. Akamwambia hapana, vipimo vya damu vinakataa. Binti mwenye miwani akasema, "Seli zimeshiba. Mgonjwa amekula madini joto." Dk. Lusubilo hakumsifu. Alinitazama mimi.

Nilikasirika. Nilimwambia chumvi nimeipima kwa mkono wangu. Nikasema mashine yao ina kasoro. Nikasema maneno mengine, sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema mkojo utapimwa leo, tusubiri. Wanafunzi waliangalia viatu vyao.

Jumanne, 30 Juni

Mkojo umejaa madini joto. Mara nne ya kiasi kinachotakiwa.

Dozi ya Dina amepewa mtu mwingine. Ni sawa, isingengoja. Nimemwona mwanamume anaingizwa chumba cha mionzi chenye mlango mzito, nikamwonea wivu mtu mwenye saratani.

Eksirei ya kifua: madoa matatu. Machi lilikuwa moja.

Nafasi nyingine ni Septemba, aanze upya tangu kuacha vidonge. Nilimuuliza Dk. Lusubilo kama Septemba si mbali mno. Akasema atapigania iwe mapema. Hakusema si mbali.

Dina hajalia. Ameniuliza tu, "Baba Getruda, nilikosea wapi?"

Alhamisi, 2 Julai

Treni ya kurudi. Ameanza vidonge tena jana. Nimempekua kwa maswali kama polisi. Ulikula kwa jirani? Ulionja maziwa? Anajibu hapana, hapana, kwa ile sauti nzito. Baadaye akasema uchungu wa uji haukupungua polepole, uliisha ghafla siku moja. Nikakumbuka ule weupe wa kopo jekundu.

Jumamosi, 4 Julai

Tumefika saa tano asubuhi. Mama alitupokea barabarani, akambebea Dina mfuko, akamuuliza, "Dawa imeshika?" Dina akasema, "Bado, mama. Tutarudi." Amekwenda kulala.

Nikaingia jikoni. Kopo jekundu. Nikamimina kijiko kimoja kwenye kisosi, nikatoa kichupa mfukoni. Nikadondosha matone matatu.

Bluu. Bluu ya wino, hata kwenye zahanati sijaona inayokolea hivyo.

Mama alikuwa nyuma yangu. Aliona. Akapiga makofi. Matatu, vilevile nilivyomfundisha.

"Umeona? Imegeuka! Nilijua tu. Ile ya kijivu nilimpa ng'ombe, mwanangu. Ningemwachaje mkwe wangu ale chumvi ya rovu, mimi ninayeijua?" Akajigusa shingo. Akasema niliposema dawa ya Dar ni madini joto makali, akaona ni vyema mwili wa Dina uzoee kwanza kwa haya madogo, ili yale makubwa yasimuumize. Hakuniambia kwa sababu niliihangaikia sana ile chumvi, nimeifuata mpaka Tunduma, asingependa kunivunja moyo.

Alikuwa ananisubiri nimsifu.

Miaka kumi na mitatu nimewafundisha watu kupiga makofi wakiona bluu. Sikumfundisha hata mmoja kwa nini. Yeye nilimpa dakika mbili, mguu mmoja nje ya mlango, kwa neno lile lile la madini joto. Alielewa kila nilichosema. Hilo ndilo linaloniua. Mwanafunzi wangu mzuri kuliko wote.

Nikimwambia mama, hatamaliza mwezi. Namjua, ataacha kula. Nisipomwambia, Dina ataendelea kujiuliza alikosea wapi, na Agosti kopo litajazwa tena kwa upendo uleule.

Nimetoka nikakaa kwenye ngazi na daftari hili. Mama amechukua kisosi, anakitazama juani, anafurahi na ile rangi. Dirisha la chumbani liko wazi.

Dina ameita. Anauliza makofi yale yalikuwa ya nini.

Mama ananitazama, anatabasamu. Anataka nijibu mimi.

Dina ameita tena.