Masenge, Nimefeli Masaji

Masenge,

Chuoni wanataka tuseme shangazi. Hapa nyumbani Nyakitonto wewe bado ni Masenge, na sitabadilisha kwa sababu umekufa. Mvua imeanza, kaburi lako limeota majani, nitayang'oa Jumapili. Nakuandikia kwa kuwa hili siwezi kumwambia kaka. Atacheka, kisha atalisambaza mnadani kabla sijamaliza kula. Nimefeli. Mimi niliyeshika migongo ya watu tangu nikiwa darasa la tatu, mimi uliyekuwa ukinituma kupasha mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kwenye bakuli la bati, nimefeli kukanda watu katika chuo cha maendeleo ya wananchi.

Aliyenifelisha anaitwa Mwalimu Fredi. Ungemwona ungesonya mpaka mate yakukauke. Ametokea Dar es Salaam, ana fulana nyeupe inayombana tumbo, na ukimwita mwalimu anakusahihisha: yeye ni mkufunzi. Chumba chetu cha masaji kilikuwa stoo ya cherehani mbovu. Kitanda kilitengenezwa na wanafunzi wa useremala, kinalia kuliko mgonjwa. Yeye kaweka pazia la zambarau, anafukiza udi, na kwenye simu anapiga sauti za ndege. Ndege, Masenge! Dirisha liko wazi, ndege wa Kasulu wanapiga kelele bure kwenye miparachichi, na sisi tunasikiliza wa kwenye simu.

Nusu ya muhula katufundisha kukunja taulo. Taulo liwe ua, taulo liwe bata. Anasema wateja wetu watakuwa wageni wa hotelini, na mgeni asipokuta bata kitandani hatarudi. Sijui mgeni huyo ana maumivu gani yanayopona kwa kutazama bata. Mikono ya mkufunzi mwenyewe ni ya mtu ambaye hajawahi kukamua shuka. Anapokanda, anaangalia saa.

Siku ya kwanza aliuliza, "Kuna yeyote hapa aliyefundishwa na hawa wapapasaji wa vijijini? Aseme mapema, tumsafishe." Darasa likacheka. Na mimi nikacheka. Zilikuwa wiki tatu tu tangu tukuzike, mikono hii ni yako kuanzia kiganja mpaka kiwiko, nami nikacheka huku nimeinamisha kichwa. Kumdharau Fredi ni kazi nyepesi. Kujidharau mimi ndiko kunakonikaba.

Na wanawake bado wanakuja uani kwako. Mwenye bega, mwenye nyonga inayouma tangu ajifungue. Wanajua umekufa, walikula ugali wa msiba wako, lakini wanakuja tu, wanakaa kwenye mkeka na kunyoosha mguu. Mimi nawaambia wasubiri nipate cheti. Nalitamka hilo neno cheti kwa maringo kabisa, kama mke wa diwani. Wanaondoka wakichechemea.

Basi, mtihani. Mkufunzi alichukua wauza maharage sokoni waje tuwakande, kila mmoja akapewa soda na andazi. Mimi nilipewa Mama Sela, mama wa makamo, shingo imekakamaa kwa kubeba mizigo kichwani. Nikaanza polepole, nikitafuta palipoganda, ulivyonifundisha. Mkufunzi akaona namchelewesha. Akanisogeza kando ili aonyeshe, akamzamishia kiwiko chini ya bega, akauliza kwa ile sauti yake ya redioni, "Unajisikiaje, mama? Kuna maumivu?"

"Ni sawa, mwalimu. Ni sawa tu."

"Mnaona? Mteja ameridhika. Daima muulizeni mteja."

Mjinga mkubwa. Amekaa kwetu mwaka mzima na hajui kwamba mtu wa huku hawezi kumwambia mgeni, tena mwalimu, tena aliyempa soda, kwamba anamuumiza. Atavumilia mpaka mfupa ulie, kisha atashukuru. Wewe hukumuuliza mtu hata siku moja. Ulikaa upande wa miguu, ukaniachia nikande, na macho yako yalikuwa kwenye vidole vya miguu vya mgonjwa. Vikijikunja, ulisema, "Toa mkono." Basi.

Vya Mama Sela vilikuwa vimejikunja kama vya mtu anayepanda mlima wenye utelezi.

Nilitaka kunyamaza. Cheti kilikuwa pale pale. Lakini nikakukumbuka wewe hospitalini, wiki ile ya mwisho. Nilikuuliza kama unaumia, ukasema ni sawa mwanangu, nenda kajiandikishe chuoni, usichelewe. Nikaenda. Sikufunua blanketi. Mimi niliyejua, Masenge. Mimi uliyenifundisha wewe mwenyewe. Niliuamini mdomo wako kwa sababu nilikuwa na haraka.

Nikashika kiwiko cha mkufunzi nikakiondoa, mbele ya darasa zima. Nikamwambia anamuumiza, atazame miguu. Akaniuliza nani kanifundisha upuuzi huo. Nikasema shangazi yangu, Adelina wa Nyakitonto, mpapasaji wa kijijini. Alicheka, ila safari hii alicheka peke yake. Wenzangu walikuwa wanatazama miguu ya yule mama. Kisha akaniandikia "Arudie" kwa wino mwekundu. Sababu: utovu wa nidhamu, na taulo.

Taulo!

Nitarudia muhula ujao, na nitakunja bata mpaka aogope, kwa maana karatasi yenyewe naihitaji, afisa afya akija asinifungie kazi. Ila watu hawatamsubiri Fredi. Mama Sela alinifuata getini akaniuliza kama mimi ndiye wa kwa Adelina. Nikamwambia ndimi. Anakuja kesho asubuhi. Mkeka nimeufuta vumbi, na mafuta yapo.

Pumzika, Masenge. Nisamehe maumivu ambayo sikuyatazama. Nakuahidi, hakuna mtu atakayelala mbele yangu akasema ni sawa, nami nikamwamini kwa kuwa nina haraka.

Mimi wako,
Konsolata