Mlinzi Aliyenisimamisha Mlangoni Kwangu

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kimefunikwa. Kipashe moto, usikile kimepoa kama mwizi. ~~Shati la kazi upige pasi mwenyewe.~~ Nimeshalipiga, liko kitini.

Usishangae kuamka na kofia ya ulinzi kichwani. Ulivyorudi kutoka lindoni ulilala kama gogo. Nilipotaka kutoka, nikakukuta umesimama mlangoni, macho wazi lakini hayanioni. Ukaniambia, “Mama, fungua mkoba.” Nikafungua. Ukaukagua wote, hadi kitana changu ukakigeuza! Nikawa najizuia kucheka.

Kisha ukauliza, “Umekuja kumwona nani?”

Nikasema, “Mume wangu.”

Ukanijibu kwa adabu zote, “Huyo hapatikani, mama. Jaribu Jumapili.”

Hamu ya kucheka ikaniisha. Nikakushika mkono, nikakurudisha kitandani polepole bila kukuamsha. Kofia ulikataa katakata kuivua.

Nimempigia dada yako muuguzi. Anasema hukuwa unaota. Mtu akiwa kwenye usingizi mzito, mwili unaweza kuinuka na kufanya mambo uliyoyazoea huku akili bado imelala, na uchovu ndio unaochochea. Kwa hiyo zamu za ziada basi. Nimesema basi! Stuli nimeitoa njiani usije ukajikwaa. Rudi ulale.

Jumapili nitakuja kumwona huyo mtu, kama ulivyonielekeza. Mkoba nitaufungua bila kuambiwa. Ole wako nimkose.

Mkeo