Jenerali Dabeyl na Wapiga Ngoma Wazee

Kutulo, 9 Septemba 1996

Abaayo Kaha,

Asalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Waberi. Sisi tunamshukuru Mungu, ingawa bwawa limebaki matope na watu wanazungumzia kuhamia visima vya Wajir. Nyanya yetu, ayeeyo Maka, anakusalimu. Nyonga yake haijapona tangu aanguke. Hawezi kupanda ngamia wa mizigo, na kutembea ni mpaka mlangoni tu.

Jana nikichunga nilimkumbuka Jenerali Dabeyl. Unavikumbuka vita vyetu vya utotoni, vya mchangani? Jeshi langu la mavi makavu ya ngamia, majini yako ya mbegu za mgunga, na amri zote kwa Kiswahili, maana hatukuwahi kumsikia askari akitoa amri kwa Kisomali. Kule Bonde la Chumvi Dabeyl alisimamisha jeshi zima kuwangoja wapiga ngoma wazee, ukamfungia njia, ukammaliza. Sasa umekuwa mama wa watu, niambie ukweli. Alikosea?

Kaka yako,
Abdikafi

Waberi, Garissa, 2 Oktoba 1996

Walaal Abdikafi,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, ila watoto wana mafua. Barua yako imenichekesha hadi shemeji yako akauliza kuna nini. Mtu na ndevu zake bado anaomboleza jeshi la mavi.

Alikosea, tena sana. Ngamia wake wenye mabawa walikuwa na kiu, maji yalikuwa ng'ambo ya bonde, na yeye amekaa anangoja wazee wenye ngoma. Angewaachia maji kidogo na kivuli, avuke, kisha arudi kuwachukua. Nilikwambia hivyo siku ileile, ukanuna, ukagoma kula. Ayeeyo alikuwa akituita tukanywe maziwa, nasi tunajifanya hatusikii.

Nilipofika hapa kuandika, nikaisoma tena barua yako. Abdikafi, unaniuliza habari za Dabeyl au za ayeeyo? Kama ni za ayeeyo, sijui nikujibu nini. Mimi nilikuwa upande wa majini, na majini hayana wazee.

Dada yako,
Kaha

Kutulo, 24 Novemba 1996

Abaayo,

Salaam nyingi baada ya kimya. Mvua za vuli zimetupita. Majirani wote wamehama, limebaki boma letu tu. Ngamia wawili wamekufa na bado nilikuwa nangoja, kwa kuwa sikuweza kumwacha ayeeyo wala kumbeba.

Akaniuliza kwa nini naisoma barua yako kila siku. Nikamsomea kwa Kisomali, na pale pa kuwaacha wazee nikaparuka. Akasema, "Macho yako yameruka mahali. Rudi." Nikarudi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao wazee wa ngoma, kuna aliyewauliza wanataka nini?"

Tumebishana miaka yote hii, abaayo, na hatukuwapa wazee wale hata neno moja.

Anasema hataki kungojwa na hataki kuachwa. Anataka lori. Gelle, dereva wa lori la mifugo, anakuja Garissa na msafara wa polisi, naye atamkalisha mbele. Barua hii anayo ayeeyo mwenyewe. Mimi nawapeleka ngamia Wajir peke yangu. Nimelia nikiandika, wala sioni haya.

Kaka yako,
Abdikafi

Waberi, Garissa, 18 Februari 1997

Walaal,

Asalaam aleikum, popote ulipo. Ayeeyo alifika salama, akiwa ameshamfundisha Gelle kuendesha lori. Siku hizi anatembea kwa fimbo.

Tangu barua aliyokuja nayo, hatujapata nyingine kutoka kwako. Gelle amekuulizia kwenye visima vya Wajir, hakuna aliyekuona. Anasema mizoga imejaa njiani. Nampa barua hii akupe akikupata.

Kila jioni ayeeyo hukaa soko la mifugo akiwahoji madereva wanaotoka kaskazini. Huwaulizia kwanza ngamia, mmoja mmoja kwa jina lake, ndipo akuulizie wewe. Nilikuwa nakasirika, halafu nakumbuka ndivyo alivyo.

Jana hakumwulizia ngamia hata mmoja. Aliniambia nikuandikie uwaache wote, uje mikono mitupu. Nikamwuliza kama amesikia anachosema, maana tangu nizaliwe sijapata kumsikia akimwambia mtu amwache hata ndama.

Akasema, "Andika."

Nimeandika.

Dada yako,
Kaha