Hatua Mia Nne Huku, Mia Nne Kule

Baba,

Mwangaluka. Leo nimeshusha pumzi, nikaona nikwambie wewe kwanza.

Unakumbuka siku ulipotugawia shamba la pamba hapa Lalago, mimi na mdogo wangu Masanja? Ulizunguka kila kipande kwa miguu ukihesabu kwa sauti, nami nikikufuata nyuma. Hatua mia nne kwangu, mia nne kwake. Ukasema, "Miguu yangu haipendelei mtu." Kumbe sote wawili tulikuwa tunapotea!

Kila msimu nilivuna zaidi yake. Masanja akaamini ulimpendelea binti, yeye ukampunja. Ulipofariki alikuzika, akaondoka kabla ya matanga kuanuliwa. Nisamehe, Baba. Hata mimi nilianza kuamini, nikawa nalima kwa aibu.

Wiki iliyopita mwanangu Kabula, yuko darasa la sita, aliniuliza swali la shule: mistatili miwili yenye mzingo sawa, je, maeneo yake ni sawa? Nikamjibu kwa kujidai, sawa kabisa, babu yako alipima hivyo. Akarudi na kosa jekundu kwenye daftari. Ikabidi mtoto amfundishe mama: eneo ni urefu mara upana.

Nikachukua kijiti, nikachora mashamba yetu uani. Langu ni mraba, hatua mia kila upande: elfu kumi. La Masanja, lile jembamba la kando ya korongo, ni mia moja sitini kwa arobaini: elfu sita na mia nne tu. Na yote mawili ukiyazunguka unapata mia nne! Nilicheka, halafu nikalia. Hukumpunja mtu, Baba. Ulikosea hesabu tu.

Nikamwita Masanja. Alirudia kuzidisha mara tatu, mbishi kama wewe. Tukaenda shambani, nikamkatia ukanda wa upana wa hatua kumi na nane, urefu mia, upande tunaopakana. Sasa tuko sawa kweli, elfu nane na mia mbili kila mmoja.

Tangu msiba, kila akikutaja kwangu alisema "baba yako." Jana tulipokuwa tunapanda mkonge kwenye mpaka mpya, alisimama, akashika kiuno, akasema, "Baba yetu alichoka siku ile, kuzunguka kote huku." Nikainama, nikajifanya nafukia mche.

Pumzika, Baba. Jumapili baada ya misa nitakuja kulipalilia kaburi lako, na Masanja amesema jembe atabeba yeye.

Binti yako